Haki ya Mwanamvua

Wamesimulia waliotutangulia, nami nawapeni kama nilivyopewa, kwamba palikuwa na mama mmoja mcha Mungu katika kijiji cha Mtondooni, kijiji cha wakulima wa mpunga kilicho mbali kidogo na pwani. Jina lake lilikuwa Bi Kazija binti Sefu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nawaonya mapema kwamba kisa chake si halua. Wapo wasikilizaji wanaotaka waja wema wa kale wawe watu wa machozi mepesi na sadaka za siri, ili kila mtu arudi kwake moyo umetulia. Bi Kazija hakuwa hivyo. Huyu aliokoka kwa hasira, na hasira yenyewe ilimjia kwa kuchelewa.

Alifiwa na mume angali kijana, akaachiwa mtoto mmoja wa kiume aitwaye Haidari. Alimlea kwa jembe. Maji yalipojaa bondeni alimvusha mgongoni, na mtoto alipopatwa na ndui alijifungia naye ndani mpaka akapona, majirani wakimwekea chakula njiani kwa kuogopa kukaribia. Asubuhi alikuwa shambani. Alasiri alikaa barazani na watoto wa kijiji, wake kwa waume, kila mmoja na ubao wake na wino wa masizi, akiwafundisha herufi za msahafu mpaka wahitimu. Mwanamke akishikwa na uchungu aliitwa yeye. Kisima kikijaa tope, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu wakakizibue, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia mgongo unamuuma. Na mwanamke akifariki, aliyemwosha ni Bi Kazija. Hakuwa akitaka ujira kwa lolote katika hayo.

Kuosha maiti ni amana nzito. Bi Kazija aliwafundisha hivyo wanawake wote aliowazoesha kazi hiyo. Ukiona uso wa maiti umenawiri, waambie jamaa zake wafurahi. Ukiona jambo la kumfedhehesha, lizike pamoja naye. Maneno hayo aliyarudia mara nyingi hata watoto wa chuoni waliyajua, na Haidari naye aliyajua, maana alikulia pale pale barazani.

Haidari alikua kijana wa kupendeza. Alikuwa na sauti nzuri ya kuadhini, na watu walisema mwanamke mjane amelea kuliko wenye waume. Mama alisikia sifa hizo na moyo wake ulifurahi, na nani angemlaumu? Alipofika umri wa kuoa, Bi Kazija mwenyewe alimchagulia mke. Alikuwa Mwanamvua binti Pazi, aliyehitimu kwake barazani, msichana mpole mwenye kucheka kwa haraka. Wakaozwa, wakajenga ng'ambo ya bonde karibu na shamba la Haidari. Wakajaaliwa mtoto wa kike, wakamwita Mize.

Baada ya mwaka wa kwanza Mwanamvua alianza kujifunika sana. Wanawake waliposhuka kuvuna mpunga na jua linachoma, wenzake walikunja mikono na kufunga kanga kifuani. Yeye alivaa kanzu ya mikono mirefu iliyofika viganjani, na shingo ameifunga. Bi Kazija aliliona hilo akafurahi. Aliwasimamisha wanawake shambani akawaambia, "Mtazameni mke wa mwanangu. Hiyo ndiyo haya ya mwanamke." Wakamtazama. Mwanamvua aliinama akaendelea kukata mpunga. Cheko lake lilikuwa limekwisha zamani, ila hilo hakuna aliyelisimamishia watu shambani walitazame.

Siku moja alimjia mama mkwe wake jikoni akaketi kwenye kibao cha mbuzi. Kisha akasema, "Mama, mwanao ana mkono mzito."

Bi Kazija alikuwa anapepeta mchele. Hakuuacha ungo. Alimwambia, "Ndoa ina mitihani, mwanangu. Subira ni ufunguo wa faraja."

"Nimesubiri, mama."

"Basi zidisha."

Mwanamvua akaaga, akaenda zake. Hakurudi tena na neno hilo. Mara nyingine alikimbilia kwa baba yake, Mzee Pazi, naye akamrudisha kwa mumewe kabla ya jua kuzama, akimwambia asiwatie watu aibu. Haya yote yalijulikana baadaye, baada ya kuwa hayana faida.

Kisha ikaja homa, ile inayokuja na mvua za masika, na Mwanamvua akafariki. Mwili wake haukuwa na nguvu ya kupambana nayo.

Bi Kazija alivuka bonde akilia, maana alimpenda. Akawatoa watu chumbani, akabaki na Bi Tabu, mwanamke mtu mzima aliyezoea kumsaidia. Ufuo wa kupokea maji ya kumwoshea maiti ulikuwa umechimbwa, maji yametiwa majani ya mkunazi, kafuri imesagwa. Akasoma bismillahi, akaivua ile kanzu ya mikono mirefu.

Mikono yote miwili ilikuwa na alama, za kale na mpya. Wakamgeuza ubavu ili wauoshe mgongo. Mgongo ulikuwa umechapwa kwa ukambaa, kamba ya kusukwa, kovu juu ya kovu, na vidonda vingine bado havijafunga. Bi Kazija alibaki na kata ya maji mkononi asiweze kuimimina. Bi Tabu alifumba macho, akasema kwa sauti ya chini, "Tusitiri, shoga yangu. Maiti hana mwenyewe ila Mungu."

Bi Kazija akaosha. Aliosha polepole kuliko alivyowahi kumwosha mtu. Kila alipopitisha kiganja juu ya kovu alijiambia kwamba mkono uliofanya hivi ameutoa yeye tumboni mwake, ameulisha yeye, ameushika yeye akaufundisha kuandika alifu. Akakumbuka alivyowasimamisha wanawake shambani wamtazame. Hapo ndipo hasira ilipomwingia, na haikuwa hasira ya kupiga kelele. Alimvisha sanda, akampaka manukato, akatoka nje, na watu walipomuuliza maiti ameonekanaje, alisema, "Ameonekana mja wa Mungu." Wakazika.

Maziko yalipokwisha alimfuata Haidari nyuma ya nyumba, penye zizi la mbuzi. Ukambaa ulikuwa umetundikwa pale pale kwenye mti wa zizi, hata hakuona haja ya kuuficha.

"Nimemwosha mkeo," Bi Kazija akasema.

Haidari alikuwa amevimba macho kwa kulia. Nawaambieni alilia kweli, kwa sababu watu wa namna hii hulia. Akasema, "Mungu akulipe, mama."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimtia adabu pale alipokosea. Mume ni mchunga. Nami nilimpenda, mama, Mungu anajua."

"Alikosea nini hata mgongo wake uwe vile?"

 Haidari akamwambia mama yake, kwa upole na heshima, "Mwosha hatoi siri, mama. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Bi Kazija alitamani kumpiga kofi mwanawe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mkono haukuinuka. Alimchukua mjukuu wake Mize, akamfunga mbeleko, akarudi kwake bila kumuaga mtu.

Tangu siku hiyo alikuwa na vita ndani. Upande mmoja alijiambia kwamba amana ni amana. Upande wa pili aliuona ule mgongo kila alipofumba macho kusali. Alitaraji sala ingemtuliza. Haikumtuliza. Akiwa kwenye sijida alimwambia Mola wake, "Niondolee hasira hii," na hasira haikuondoka, mpaka akaanza kujiuliza kama si Mola mwenyewe aliyeiweka pale.

Sasa sikilizeni desturi ya Mtondooni ya wakati huo. Mwanamke akifariki na kuacha mtoto mdogo, mdogo wake wa kike huingia mahali pake, ili mtoto alelewe na damu ya mama yake na ukoo usitengane. Siku ya arubaini, kisomo kikiisha, mama wa mume aliyefiwa hupewa kanga ya marehemu, akamfunika nayo yule mdogo mtu mbele ya watu. Akishafunikwa, posa imekwisha, na kilichobaki ni kumwita imamu. Mwanamvua alikuwa na mdogo wake, jina lake Mwatumu, mwanamwali aliyekuwa akimsaidia Bi Kazija kuwafundisha watoto wadogo barazani. Wazee walikwisha kuafikiana. Mzee Pazi alisema Haidari ni mkwe mzuri, hapatikani mwingine kama yeye. Maalim Nassibu, imamu wa msikiti, alisema ni jambo la kheri. Haidari alisema yeye hana neno, atatii wakubwa.

Siku chache kabla ya arubaini, watoto walipokwisha kutawanyika, Mwatumu alibaki akifuta mbao. Akasema bila kuinua uso, "Mwalimu, wewe ndiye uliyemwosha dada."

"Ndiye mimi."

"Dada aliacha kunikumbatia. Nikimshika begani alikuwa akijikunja. Nilidhani amenichoka." Alifuta ubao ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi. "Niambie tu, mwalimu. Niende?"

Bi Kazija alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini, na neno lenyewe lingemwangamiza mwanawe. Alimwona Haidari mdogo, amejaa ndui, amemshika kidole. Akasema, "Mwombe Mungu akuongoze, mwanangu."

Mwatumu akaitikia, "Inshallah," akazipanga zile mbao, akaenda. Bi Kazija alimtazama mpaka akapotea njiani, akajisikia haya ambayo hajawahi kuisikia. Ilikuwa ni "subira" nyingine ile, kwa msichana mwingine wa nyumba ile ile.

Siku ya arubaini ikafika. Wanaume walijaa uani kwa Mzee Pazi, wanawake wamekaa mkekani upande wa mlangoni. Kisomo kikasomwa, ubani ukafuka, sufuria za ubwabwa zikawa zinangoja. Maalim Nassibu akaomba dua ndefu ya kumrehemu marehemu, na watu wakaitikia amin. Kisha akatabasamu akasema, "Sasa tuunganishe kilichokatika." Mwatumu akaletwa mbele, amejiinamia. Kanga ya Mwanamvua ikawekwa mikononi mwa Bi Kazija.

Aliishika. Alisimama. Watu walingoja.

"Simfuniki," akasema.

Wengine walidhani wamesikia vibaya. Mzee Pazi alisema, "Bi Kazija, kama kuna upungufu kwetu, tuambie tutengeneze."

"Upungufu uko kwangu. Siku ya maziko mliuliza ni nani anayemdai marehemu, aje adai haki yake. Nilikuwa ndani, nilisikia. Hakuna aliyeuliza marehemu naye anamdai nani. Basi nawaambia mimi niliyemwosha. Anamdai mwanangu Haidari. Anamdai kila kovu la mgongoni, na nilishindwa kuyahesabu."

 Maalim Nassibu aliinuka nusu, akanyoosha mkono wa kumtuliza, akasema kwa sauti ya nasaha, "Bi Kazija, dada yangu, msiba umekuelemea. Wewe ni mtu wa dini. Unajua kwamba mwosha ana amana. Linaloonekana kwenye ufuo hubaki kwenye ufuo."

Hapo ndipo watu wa Mtondooni walipomwona Bi Kazija akighadhibika, na waliokuwepo waliwasimulia watoto wao.

"Maalim," akasema, "amana hiyo niliifundisha mimi hapa kabla wewe hujahamia. Tumeamrishwa kuisitiri aibu ya maiti. Mwanamvua alikuwa na aibu gani? Yeye kapigwa. Aibu ni ya aliyempiga, na aliyempiga hajafa, amekaa pale anangoja ubwabwa. Sikupokea amana ya kumsitiri aliye hai ili aue wa pili. Mnaniwekea kanga mkononi nimfunike mtoto wa watu, mnajua ninafunika nini?"

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba mama gani huyu anayemvua nguo mwanawe hadharani. Bi Kazija alimsikia.

"Mama yake. Nilimfundisha alifu na be, na nilimfundisha kwamba shahidi husema kweli hata juu ya nafsi yake na walio wake. Nikinyamaza leo, itakuwa nilikuwa nawafundisha watoto wenu uongo miaka yote hii. Na Mwanamvua alinijia jikoni kwangu. Aliniambia. Nikamwambia asubiri. Haki yake iko kwangu pia, si kwa Haidari peke yake, na nitajibu."

Mzee Pazi alikuwa ameinama. Akamgeukia Haidari, akamuuliza, "Mwanangu, ni kweli?"

Haidari hakukana. Alisema, "Alikuwa mke wangu," kana kwamba hilo ni jibu.

Bi Tabu, ambaye hakuwa amelitaja jambo hilo tangu siku ile ya kuosha, akasema kutoka mkekani, "Mimi pia niliona. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyesema tusitiri."

Mzee Pazi akaanza kulia, mzee yule mwenye ndevu nyeupe, mbele ya wageni wake. "Alirudi kwangu," akasema. "Alirudi kwa miguu, na mimi nikamrudisha." Ni nani kati yao angemwambia kwamba hakufanya vibaya? Bi Kazija aliikunja ile kanga. Akampa Mwatumu mkononi, akamwambia, "Ni ya dada yako. Kaa nayo. Yatima nitamlea mimi." Akatoka. Posa ikaishia hapo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uso wa kuirudia.

Msidhani kwamba kijiji kilimshukuru. Haidari alihama mwezi ule ule, akaenda nchi za mbali, na watu wakasema mama amemfukuza mwanawe. Wengi wakawatoa watoto wao chuoni. Wanaume walisema mwalimu mwenye ulimi kama ule atawaharibia nyumba, na walisema kweli, maana zilikuwepo nyumba Mtondooni ambazo zilikuwa zinangoja kuharibiwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyemwita kuosha maiti. Bi Kazija alilima, alimlea Mize, alifundisha watoto waliobaki akisaidiwa na Mwatumu, na alisubiri. Hii ndiyo subira, ndugu zangu: kubeba matokeo ya kweli uliyoisema. Ile aliyomhubiria Mwanamvua jikoni haikuwa subira, ilikuwa ni kumziba mtu mdomo kwa jina la Mungu. Aliililia mpaka siku zake za mwisho, na hakuwahi kujisamehe upesi kama sisi tunavyojisamehe.

Kidogo kidogo wanawake wakaanza kuja kwake. Hawakuja barazani, walipitia mlango wa jikoni. Mmoja alikunja mkono wa kanzu akamwonyesha. Baadaye akaja mwingine. Bi Kazija hakumwambia hata mmoja wao azidishe kusubiri. Alijifunga kanga, akafuatana nao mpaka kwa waume zao na kwa baba zao, na ilipobidi, mpaka kwa kadhi mjini kwa miguu. Yuko mume aliyemfungia mlango. Aliketi kizingitini pake akavuta tasbihi mpaka mlango ukafunguliwa.

Miaka ikapita. Mwatumu aliolewa na mtu aliyemridhia mwenyewe. Mize akahitimu. Alasiri moja Bi Kazija alikuwa barazani na watoto, akamwona mtu mzima anakuja, ndevu zimechanganyika mvi, akamjua kwa mwendo wake kabla ya kumwona uso. Watoto wakatolewa. Haidari akapiga magoti chini ya baraza.

Alimwambia kwamba tangu ahame hajaoa. Kwamba hakuwa akilala. Kwamba amekwenda kwa masheikh, amefunga, ametoa sadaka, na moyo haukutulia. "Nimekuja kwako, mama," akasema. "Nisamehe."

Bi Kazija aliweka mkono juu ya kichwa chake. Alikuwa mama. Akasema, "Uliponitia uchungu mimi, nimekusamehe. Nilikusamehe zamani. Lakini si mimi niliyepigwa."

"Nifanye nini?"

"Mwenye haki yake unamjua. Nenda kamwombe yeye."

Haidari alivuka bonde, akaenda makaburini. Alikaa huko mpaka jua likakaribia kuzama. Aliporudi alikuwa amejaa udongo magotini. Akasema, "Nimemwomba, mama. Nimemwomba kwa kila neno ninalolijua. Hajibu."

Bi Kazija alimtengea chakula, akamnawisha mikono kwa maji ya kata, ile mikono yote miwili. Kisha akamwambia, "Basi ngoja, mwanangu. Siku ya kujibu kwake ipo, na siku hiyo hataulizwa kama wewe ulikuwa na sauti nzuri ya kuadhini."

Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa. Mungu husamehe haki yake apendavyo, na rehema yake haina mpaka. Haki ya mja ameiacha mikononi mwa mja, na wangapi tumekwisha kuwazika na haki zao. Mwenye mke, mwenye mtoto, mwenye mtu yeyote aliye chini ya mkono wake, na amwombe msamaha leo, angali anaweza kumjibu.